Usinunue Sensa Kabla ya Kupima Waya

Pale Dagoretti Corner, Naivasha Road inapomwaga magari ya Kawangware na Riruta ndani ya Ngong Road, ni nadra upite asubuhi usione Hiace imeegeshwa kando, viti vya mbele vimeinuliwa na fundi ameinama juu ya injini. Ukiuliza shida ni nini, utaambiwa geji ya moto inapanda ovyo, au imelala kabisa haiamki. "Sensa imekufa, boss." Dereva anampigia mwenye gari, M-Pesa inaingia, makanga anatumwa Kirinyaga Road kuleta sensa nyingine. Mchana sensa mpya imeshafungwa, na mshale umelala vilevile.

Ninayemwandikia ni mwenye gari aliyelipa bili za namna hiyo hadi akachoka, pamoja na dereva anayetaka kujua anachofanyiwa. Kwenye dizeli za kawaida tunazoendesha, geji ikisoma vibaya, lawama huwa ya waya au ya athi mara nyingi kuliko ya sensa au geji yenyewe. Athi ni ile njia ya umeme kurudi betrini kupitia chuma cha gari. Kujua kosa liko wapi kunataka taa ya kupimia, mita ya bei ndogo na subira kidogo. Mafundi wazuri wanalijua hili. Wasio wazuri nao wanalijua, ila mteja hulipia spea haraka kuliko anavyolipia kupimiwa.

Kabla ya kugusa waya wowote, hakikisha kwanza kwamba mshale haukuambii kweli. Hapa Nairobi watu wengi huunguza injini kwa sababu waliamua mapema kuwa geji ni mwongo. Dagoretti Corner, ambako Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa ina makao yake makuu, iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Kwenye mwinuko huo maji ya sufuria huchemka yakifika nyuzi 94 hivi, wakati Mombasa husubiri hadi 100. Kwenye gari, kinachoyazuia maji kuchemka mapema ni kifuniko cha rejeta chenye springi, kinachoyafungia presha ndani. Springi ikilegea au mpira wake ukipasuka, injini huchemsha kwenye foleni ya Ngong Road ikiwa na joto ambalo ungelishuka nalo hadi pwani bila wasiwasi. Kwa hiyo mshale ukipanda, simama, acha injini ipoe, angalia maji, mkanda wa feni, mipira ya rejeta na kifuniko. Usifungue rejeta ikiwa moto. Waliofanya hivyo wana makovu.

Mshale ukilala kwenye baridi baada ya safari ndefu, uogope zaidi. Sensa ya joto hupima ikiwa imezama ndani ya maji. Maji yakivuja yote, inabaki kwenye hewa, mshale unashuka, na dereva anafurahi kwamba gari limepoa kumbe silinda hedi inapinda. Ushahidi wa pili unapatikana kwa kipimajoto cha bastola, kile cha gereji. Vile vya kupimia paji la uso tulivyovizoea wakati wa Korona havifai, kwa kuwa vimetengenezewa joto la mwili. Kilenge karibu na nyumba ya thamostati: dizeli iliyopata moto wake kwa kawaida husoma kati ya nyuzi 80 na 95. Kipimajoto kikisema 85 na mshale uko kwenye nyekundu, sasa una ruhusa ya kushuku waya.

Mzunguko wenyewe ni mfupi. Umeme hutoka betrini, hupita kwenye swichi ya ufunguo, kisha fyuzi, na kuingia nyuma ya geji. Hutoka humo kwa waya mmoja mwembamba unaoshuka hadi kwenye sensa, na sensa hiyo imefungwa kwa thredi kwenye chuma cha injini. Chuma hicho kimeungwa na hasi ya betri, na hapo mzunguko umekamilika. Sensa ya joto ni kizuizi kinachobadilika: ikiwa baridi huzuia umeme sana, ikipata moto huuachia. Aina moja ya VDO, kampuni ya Ujerumani ambayo geji zake zimeenea kwenye malori, matrekta na boti, husoma karibu omu 290 kwenye nyuzi 40, na omu 22 tu kwenye nyuzi 120.

Kwa hiyo waya ukikatika njiani, geji huona kizuizi kisicho na mwisho na mshale hulala kwenye baridi. Waya huohuo ukichubuka na kugusa chuma, geji huona hakuna kizuizi na mshale hukimbilia nyekundu, hata injini ikiwa imelala usiku kucha. Gari linalosoma nyekundu saa kumi na moja alfajiri, kabla halijapigwa stata, halina shida ya maji. Lina waya uliochubuka, au sensa iliyounganika yenyewe kwa yenyewe ndani.

Anza kwa kuangalia kama shida ni ya geji moja au ya zote. Geji ya mafuta, ya moto na taa za onyo zikifa pamoja, usifikirie sensa hata dakika moja. Tafuta kinachozilisha zote. Kwenye Toyota nyingi fyuzi hiyo imeandikwa GAUGE, ni ya ampea 10, na mara nyingi taa za rivasi hufa pamoja nayo. Kwenye dashibodi za zamani kuna pia kifaa kidogo cha kushusha umeme hadi kiwango kimoja kabla haujaingia kwenye geji. Kikiharibika, au athi yake ikilegea, geji ya mafuta na ya moto huanza kusoma juu kwa wakati mmoja. Tangi lililojaa ghafla bila wewe kupita petroli steshoni, huku injini nayo ikionekana inaungua, ni dalili ya kifaa hicho. Kuna watu wameuziwa thamostati kwa ajili yake.

Ikiwa ni geji moja tu, nenda kwenye ncha ya mwisho ya waya, pale kwenye sensa. Usianzie dashibodi: kuifungua ni kazi, na plastiki za gari la miaka ishirini hazina huruma. Chomoa waya kwenye sensa ya joto, washa swichi bila kupiga stata, kisha mtu akuangalizie mshale. Unapaswa kulala kwenye baridi. Sasa gusisha ncha ya waya huo kwenye chuma kisafi cha injini kwa sekunde chache, ukipitisha umeme kwenye balbu ndogo ya dashibodi ya wati 3 hivi, ya volti zilezile za gari lako. Balbu inapunguza nguvu isiiunguze geji. Mafundi wengi hapa hugusisha waya mtupu, na mara nyingi hakuna kinachotokea. Siku kitakapotokea, utanunua geji. Kwenye dashibodi za zamani mshale husukumwa na ukanda wa metali unaopashwa moto, kwa hiyo hupanda polepole. Usiseme imekufa kabla ya kuhesabu hadi kumi.

Mshale ukipanda, umeshajua mengi kwa mpigo mmoja: fyuzi nzima, geji nzima, waya mzima kutoka juu hadi chini. Kilichobaki ni sensa au athi yake. Usipopanda, hela zako zikae mfukoni, kwa kuwa sensa mpya haitasaidia. Hapo ndipo sasa unafungua dashibodi na kurudia jaribio nyuma ya geji. Ikipanda hapo, waya umekatika katikati, na mahali pa kwanza pa kuutafuta ni pale unapopinda karibu na egzosi au unapopita kwenye tundu la bati lisilo na mpira.

Athi ndiyo inayosahaulika kuliko yote. Nimeona fundi pale stejini akifunga sensa mpya kabisa, ameizungushia tepu nyeupe ya bomba safu juu ya safu ili maji yasivuje. Maji hayakuvuja, wala umeme haukupita. Sensa ya waya mmoja hupata athi kupitia thredi zake, na tepu hiyo ikiwa nene huziba njia. Kama ni lazima uitumie, zungusha mara moja, acha thredi za mwanzo wazi, kisha pima kwa mita: kati ya mwili wa sensa na hasi ya betri mita isome karibu na sufuri.

Halafu kuna waya mnene wa athi unaounga injini na chesisi. Injini huteremshwa kutengeneza klachi, waya huo unafunguliwa, na siku ya kurudisha unabaki ukining'inia au unafungwa juu ya rangi na grisi. Gari litawaka, ila umeme wa stata utatafuta njia nyingine, hata kupitia kebo ya akselereta, ambayo huweza kupata moto hadi ganda lake likayeyuka. Geji nazo huanza vituko: unawasha taa kubwa, mshale wa moto unapanda; unapiga indiketa, mshale wa mafuta unacheza nayo. Ukiona geji inaitikia taa, usitafute sensa, tafuta athi. Weka mita kwenye volti, ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini, kisha mwenzako apige stata. Ikisoma zaidi ya nusu volti, fungua ncha za athi, zipige msasa hadi chuma king'ae, zifunge upya kwa nguvu.

Kwa matatu, kuna chanzo cha matatizo ambacho vitabu vya watengenezaji havikitaji. Tangu sheria za aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi John Michuki zilipoanza kutumika Februari 2004, magari ya abiria yanatakiwa kuwa na kifaa cha kuzuia mwendo kupita kilomita 80 kwa saa. Kifaa hicho kinahitaji umeme wa swichi, na mahali rahisi pa kuupata ni nyuma ya dashibodi. Baadaye ikaja kengele ya wezi, ikaja trakingi, zikaja skrini, spika na taa za rangi za gari la njia ya 111 linalotaka kuwavutia vijana wa Ngong. Kila fundi aliyekuja alimenya ganda la waya uliokuwa karibu, akakunjia wake hapo, akafunga tepu na kuondoka. Joto la dashibodi huyeyusha gundi ya tepu, kiungo kinabaki wazi, na siku moja mshale wa mafuta unaanza kucheza kwa mdundo wa muziki. Sisemi matatu isipige muziki. Muziki upewe laini yake kutoka betrini, yenye fyuzi yake na athi yake, na waya wa geji ubaki wa geji. Ukiwa na gari lililokwisha kuguswa na mafundi wengi, zima redio, chomoa vifaa vya ziada kimoja baada ya kingine, na uone ni kipi kikitoka mshale unatulia. Kifaa cha mwendo na trakingi usivikate mwenyewe. Mwite aliyevifunga, maana gari likienda kukaguliwa na NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, utajibu wewe.

Presha ya oili ina sheria yake. Dizeli nyingi hazina geji ya oili, zina taa tu, na swichi yake hufanya kazi kinyume na watu wanavyodhani: presha ikiwa sufuri, swichi hufunga mzunguko na taa huwaka, oili ikisukumwa, mzunguko hukatika na taa huzima. Kwa hiyo ukiwasha swichi kabla ya kupiga stata, taa ya oili ni lazima iwake. Isipowaka, balbu imekufa au waya umekatika, na siku pampu itakapokwama hakuna atakayekuambia mpaka injini inoki. Liangalie hili kila asubuhi, halina gharama. Ujue pia kwamba taa hiyo kwa kawaida huzima presha ikifika karibu nusu bar au hata chini yake, kwa hiyo taa kuzima hakumaanishi presha inatosha.

Taa ya oili ikiwaka injini ikiwa inanguruma, zima injini papo hapo. Usiendeshe hadi gereji, hata kama gereji inaonekana kwa macho. Pima oili kwa kijiti. Ikiwa ipo ya kutosha, fundi atoe swichi na kufunga mahali pake geji ya mkono ya kupimia presha, isiyotumia umeme. Ikionyesha presha nzuri kulingana na kitabu cha injini hiyo, basi shida ni swichi au waya wake uliogusa chuma. Fundi anayebadilisha swichi ya oili bila kupima presha anakisia, na anakisia kwa kutumia injini yako.

Taa ya betri na geji ya volti hazitaki maneno mengi. Gari la volti 12, injini ikizunguka, lisome kati ya 13.8 na 14.4 kwenye ncha za betri. Lenye betri mbili na volti 24, kama Isuzu NQR, lisome kati ya 27.6 na 28.8. Mita ikisema hivyo na geji ikasema vingine, shida ni waya wa geji. Kwenye dizeli nyingi geji ya mizunguko hupokea ishara yake kutoka kwenye alteneta, kwa hiyo ikianza kuyumba angalia mkanda kabla hujalaumu geji.

Geji ya mafuta inataka tahadhari moja kubwa: si sensa zote za tangi zinahesabu kwa mpangilio mmoja. Za Kijapani kwa kawaida husoma omu chache tangi likijaa, na zaidi ya 100 likikauka. Za VDO hufanya kinyume, karibu 10 likiwa tupu na 180 likijaa. Ukifunga ya aina moja kwenye geji ya aina nyingine, utajaza mafuta na mshale usome tupu, na hakuna waya utakaorekebisha jambo hilo.

Onyo kwa wenye magari mapya. Hiace za injini ya 3L na 5L, pamoja na Isuzu za pampu ya kawaida, zinakubali majaribio niliyoeleza. Dizeli zinazoendeshwa na kompyuta ni habari nyingine. Humo mara nyingi kuna sensa ya waya mbili inayopeleka habari kwa kompyuta, na waya zake haziguswi na taa ya kupimia wala kuunganishwa na chuma. Ukikuta plagi ya pini mbili au tatu, acha. Tafuta fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta.

Msomaji aliye Kilifi au Lamu, mwenye boti la tanga lenye dizeli ndogo ya Yanmar au ya aina nyingine, majaribio ni yaleyale, ila adui amebadilika. Chumvi huingia ndani ya waya na kuugeuza kijani chini ya ganda lake ukiwa mzima kwa nje. Anzia kwenye plagi kubwa inayounga nyaya za injini na paneli: ifungue, isafishe, ipake grisi ya umeme, na mara nyingi kazi itaishia hapo. Hakikisha pia kama injini yako inatumia chuma chake kama athi au ina waya wa pili wa kurudi kwa kila sensa, maana kwenye boti mifumo yote miwili ipo. Ukishuku geji ya moto, chungulia nyuma: kama maji ya egzosi yanatoka kwa wingi kama kawaida, una muda wa kufikiri, yakipungua, zima injini na upandishe tanga.

Ukishaupata waya mbovu, usiuunge kwa kukunja na tepu. Kata hadi upate shaba inayong'aa, unga kwa risasi au kwa kibano kizuri, kisha uvike ule mpira mwembamba unaosinyaa ukipashwa moto. Toa ncha ya betri kabla ya kuingiza mkono nyuma ya dashibodi. Kamwe usiweke fyuzi kubwa kuliko iliyokuwapo kwa sababu "hii ndogo inaungua kila saa"; inaungua kwa sababu mahali fulani waya unagusa chuma, na ukiinyima nafasi ya kuungua, utakaoungua ni waya.

Fundi akikuambia sensa imekufa, mwombe akuonyeshe mshale ukipanda na kushuka kwa waya uliochomolewa, na umlipe kwa kazi hiyo ya kupima hata kama hakuna kilichonunuliwa. Ikithibitika kweli ni sensa, usimtume makanga mikono mitupu. Mpe ile ya zamani, aioanishe kwa thredi, kwa idadi ya pini na kwa volti za gari, kisha aipime mpya kwa mita pale kaunta kabla ya kulipa. Vifaa vya umeme vikishatoka dukani kwa kawaida havirudishwi.